Mkaguzi wa Makufuli

Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua. Makufuli yalimfikia mezani yakiwa yamekamilika, yangali na joto la mashine ya kung'arisha, kila moja na funguo zake mbili zikining'inia kwenye waya. Alilishika kufuli kwa mkono wa kushoto, akalifunga, akauvuta upinde wake kwa nguvu zote, kisha akalijaribu kwa ufunguo wa kwanza na wa pili. Likitii funguo zote mbili, aliligonga muhuri wa kiwanda tumboni na kulitia kwenye kreti ya kulia. Likigoma, lilikwenda kreti ya kushoto, na Fundi Meno aliyekuwa upande wa pili wa karakana alijua kwamba siku yake imeingia mchanga.

Fundi Meno ndiye aliyechonga meno ya funguo. Waliompa jina hilo hawakuwa wamemwangalia kinywani, maana humo meno yalibaki machache kama wageni wa mwisho wa sherehe. Yeye na Mkaguzi waliajiriwa pamoja wakiwa vijana, wakazeeka pamoja, na ugomvi wao wa kila siku ulikuwa ule ule.

"Umeyarudisha haya kwa nini?"

"Ufunguo wa pili unakwaruza."

"Unakwaruza, lakini unafungua. Wewe ungekuwa mlinzi wa peponi, ndugu yangu, tusingeingia hata mmoja."

Mkaguzi aliuamini ule muhuri kama wengine wanavyoamini jina la baba yao. Mdogo wa mkewe alipooa, watu walimpelekea mablanketi na vyombo; Mkaguzi alimpelekea kufuli. Katika nyumba za wafanyakazi, safu ndefu ya vyumba vilivyotazama ua mmoja, hapakuwa na mlango ambao haukufungwa kwa kufuli lililopita mikononi mwake.

Kwa miaka mingi nchi ilikuwa imejifungia bidhaa zake ndani. Kufuli la kutoka nje lilitozwa ushuru mzito, hivyo aliyetaka kufuli alinunua la kiwanda, na asiyelitaka alifunga mlango kwa kamba. Kisha serikali ikafungua biashara. Ushuru ukashushwa, na haukupita muda makufuli ya kigeni yakajaa madukani, mepesi, yanayong'aa, yamelala kwenye vikasha vya plastiki kama mayai. Bei yake iliwafanya watu waulize mara mbili wakidhani wamesikia vibaya.

Siku Mkaguzi alipolileta moja karakanani, mafundi walilipokezana huku wakicheka.

"Hili ni kufuli au hereni?" aliuliza Fundi Meno.

Walicheka, lakini maduka hayakucheka nao. Moja baada ya jingine yaliacha kuchukua mzigo wa kiwanda. Meneja, mtu wa makamo aliyerithi kiti kutoka kwa baba yake, aliandikisha maneno makubwa ubavuni mwa malori: FUNGA KWA CHA KWETU. Malori yalizunguka mjini na maneno yake, yakarudi na mzigo wake. Mwishowe walibaki na mteja mmoja tu wa kutegemewa, yaani shule za bweni. Kwa desturi ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuihoji, kila mwanafunzi aliyejiunga alitakiwa aje na sanduku la bati na kufuli la kiwanda.

"Shule ndizo pumzi yetu," Meneja aliwaambia wafanyakazi. "Pumzi hiyo ikikatika, tuzikane."

Mkaguzi alikuwa na sababu mbili za kuzipenda shule. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda, alikuwa bweni, mwaka wa mwisho, akijiandaa kwa mtihani. Katika watoto wake wote huyu ndiye aliyefika mbali hivyo. Kwa hiyo alipoitwa ofisini kupokea simu, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba anatakiwa shuleni bila kukawia, aliacha kufuli mezani likiwa wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alimkuta Kitinda kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, mikono katikati ya magoti. Hakuwa akilia. Alimtazama baba yake kama mtu anayeangalia basi lililokwisha kumpita.

Ndani, Mwalimu Mkuu alimwonyesha kiti. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakuwahi kupaza sauti. Pembeni yake alisimama Matroni, mlezi wa bweni.

"Mzee, nitasema moja kwa moja," alisema Mwalimu Mkuu. "Muhula huu vitu vimekuwa vikipotea bwenini. Vitabu, sabuni, viatu. Jana Matroni alimkuta binti yako amefungua sanduku la mwenzake."

"Amelivunja?"

"Hakulivunja. Amelifungua kwa ufunguo."

"Ufunguo wa nani?"

"Wake."

Mkaguzi alikunja uso. Alifikiri hakusikia vizuri. Matroni akamweleza kwamba Kitinda alidai amekosea sanduku, kwa kuwa masanduku yote yana rangi moja na mengine yalikuwa yamesogezwa wakati wa kufagia. Alitia ufunguo wake, ukageuka, akafunua, akakuta nguo zisizo zake. Hapo ndipo Matroni alipomkuta, amesimama ameduwaa.

"Mama, hilo haliwezekani," alisema Mkaguzi. "Kufuli la kiwanda chetu lina funguo zake mbili. Wa tatu haliujui."

Alilisema kwa fahari, kama alivyolisema maisha yake yote, na hakuona alichokifanya mpaka Mwalimu Mkuu alipoinamisha kichwa taratibu.

"Nami ndivyo ninavyoamini," alisema. "Kwa hiyo tumebaki na swali moja. Mtoto wa mtu anayefanya kazi kiwanda cha makufuli ameupata wapi ufunguo unaofungua kufuli lisilo lake?"

"Ule wanaouita ufunguo malaya," aliongeza Matroni, kisha akatazama sakafu kwa aibu ya neno lenyewe.

Mkaguzi alisikia kwamba bodi ya shule itakutana mwisho wa juma, kwamba binti anaweza kufukuzwa kabla ya mtihani, na kwamba baba pia anaweza kuitwa kujieleza kwingine. Alipotoka, Kitinda aliinuka.

"Baba, sikuchonga kitu. Uligeuka tu."

"Funguo hazigeuki tu, mwanangu."

Alijuta kabla hajafika getini. Njia nzima alikuwa akiliona jicho la mtoto lilivyozima.

Alimkuta mkewe uani, akipepeta mchele pamoja na jirani yao, Mama Pacha. Aliwasimulia yote amesimama. Alitarajia mayowe. Badala yake wale wanawake wawili walitazamana, na mkewe akaweka ungo chini.

"Baba watoto, keti kwanza."

"Sitaki kuketi."

"Basi simama, lakini usianguke. Hayo makufuli yenu yanafunguana."

"Yanafanya nini?"

"Yanafunguana. Si yote. Ila mengi."

Mkaguzi alimgeukia Mama Pacha kama mtu anayetafuta shahidi. Mama Pacha alijifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, mvua ikija ghafla na mkeo yuko sokoni, unadhani nani huingiza nguo zenu ndani?"

"Nilidhani anakuachia ufunguo."

"Aniachie wa nini, na mimi nina wangu?"

Aliutoa kifuani, umefungwa kwenye uzi mweusi, akaenda hadi mlango wa Mkaguzi. Kufuli lilikuwa limefungwa. Aliutia, akaugeuza, na upinde ukaruka juu kwa mlio ule ule aliousikia kazini kutwa. Mkaguzi alilitazama kufuli. Muhuri ulikuwa tumboni, umegongwa wima, bila kupinda. Ni yeye aliyeugonga.

Alichukua funguo zake akaanza kuzunguka ua. Mlango wa fundi viatu, hapana. Wa mpiga pasi, hapana. Wa yule kijana asiyelipa kodi ya maji, ulifunguka. Wa stoo ya pamoja, ulifunguka. Majirani walitoka wakamwangalia, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa yeye. Mmoja alisema, "Leo Mkaguzi anakagua kweli," na wengine wakacheka, kisha wakanyamaza walipomwona uso.

"Kila mtu alijua?" alimwuliza mkewe.

"Wanawake tulijua. Tuliona ni kheri, tunasaidiana. Huku uani hakuna mwizi, na mwizi wa kweli hubeba nondo."

"Na mimi hukuniambia."

"Wewe? Mtu akisema kufuli la kiwanda lina kasoro, chakula hakikushuki. Nani alitaka kukuua njaa?"

Jambo lililomkata miguu halikuwa kucheka kwao. Lilikuwa hili: katika miaka yote ile mezani, makufuli yasiyo na idadi, hakuwahi hata mara moja kuchukua ufunguo wa kufuli moja na kuutia katika jingine. Hakuna aliyemwagiza. Nembo ya kiwanda ilikuwa mlango uliofungwa, naye alikagua kama mlango unafunguka. Kwamba unaweza kufunguliwa na mwingine, hilo halikuwa katika kazi yake.

Kesho yake alipita kwanza dukani, akamwomba muuza vifaa vya ujenzi amjaribishie makufuli ya kigeni, yale yaliyofanana na hereni. Aliomba moyoni nayo yafunguane. Walijaribu kikasha kizima kwa kubadilishana funguo. Hakuna lililokubali ufunguo wa jirani yake.

"Yanaota kutu haraka," alisema muuza duka, kama anayempa pole.

Karakanani alimvuta Fundi Meno nyuma ya mashine.

"Funguo zako zina meno ya aina ngapi?"

Fundi Meno hakuuliza kwa nini. Alikaa juu ya kreti, akavua kofia. Alimkumbusha kwamba mashine ya kuchonga hufuata kigezo, kipande cha chuma kigumu chenye umbo la meno. Vilipokuja kutoka nje, wakati wa baba yake Meneja, vilijaa kabati. Vikaanza kulika, vingine vikavunjika. Kila walipoomba kuagiza vipya waliambiwa nchi haina fedha za kigeni za kununulia vyuma. Kilipovunjika kimoja waliendelea na vilivyobaki.

"Vimebaki vingapi?"

"Vinne. Kimoja ni kilema."

"Vinne." Mkaguzi alishika ukingo wa mashine. "Mji mzima umefungwa kwa funguo nne?"

"Mji, na miji ya jirani. Sasa nani angelinganisha, ndugu yangu? Sokoni tulikuwa peke yetu. Ukikimbia peke yako, hata ukitambaa unakuwa wa kwanza."

"Na mimi nimekaa pale nagonga muhuri."

"Ulikuwa na raha. Nilikuachia raha yako."

Mkaguzi alimweleza habari za Kitinda. Fundi Meno alisikiliza, na rangi ya uso wake ikabadilika, maana yeye naye alikuwa na mtoto anayekula kwa mashine ile. Walikwenda pamoja kwa Meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango, akawapa maji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akautazama mkono wake juu ya meza.

"Ningeweza kuagiza vigezo tangu mwaka jana," alisema. "Ruhusa imefunguliwa. Mlango ule ule ulioleta makufuli yao ungetuletea vyuma vyetu. Mimi nikapaka malori rangi." Alimgeukia Mkaguzi. "Baba, nisikilize. Nipe mwaka mmoja tu. Nitaagiza, tutabadilisha, hakuna atakayejua. Lakini ukienda kusema mbele ya bodi, shule zote zinatuacha, na benki haitanipa hata muda wa kuagiza msumari."

"Na binti yangu?"

"Sema ulichonga wewe. Sema ulimpa ufunguo wa akiba kwa bahati mbaya, ulichanganya mezani. Nitakwenda mwenyewe kumwombea. Nitamtafutia shule nyingine, nitamsimamia."

"Atakuwa mwizi katika shule nyingine."

"Atakuwa na mtihani wake. Hapa karakanani kuna watu wangapi wenye watoto?"

Mkaguzi alirudi mezani, akafunga na kufungua mpaka kengele ilipolia, na muhuri wake siku hiyo uligongwa kombo.

Siku ya bodi alivaa koti la harusi za watu. Wajumbe walikaa nyuma ya meza ndefu, Mwalimu Mkuu katikati. Kitinda alisimama peke yake mbele yao, sare imepigwa pasi, shingo imenyooka, na Mkaguzi alipomwona akasahau sentensi zote alizokuwa amezipanga, za pande zote mbili.

"Mzee, tueleze kuhusu ufunguo," alisema Mwalimu Mkuu.

Wakati huo angeweza kusema, *nilichonga mimi*. Neno lilikuwa ulimini. Lakini Kitinda aligeuza kichwa akamtazama, si kwa kumwomba, bali kwa udadisi tu, kama anayetaka kujua baba yake ni mtu gani.

"Naomba twende bwenini," alisema Mkaguzi. "Na huo ufunguo msinipe mimi. Aushike mjumbe yeyote."

Walikwenda. Wasichana waliamriwa wasimame kila mmoja kando ya sanduku lake. Mjumbe mmoja, bwana mnene aliyekuwa akihema kwa ngazi, alipewa ufunguo wa Kitinda. Aliinama kwenye sanduku la kwanza. Halikufunguka. La pili, halikufunguka. Matroni alikunja mikono. Kwa pumzi moja Mkaguzi alitamani kufuli la tatu ligome na akatamani lifunguke.

Lilifunguka.

Msichana mwenye sanduku aliweka mkono mdomoni. Yule bwana alilitazama kufuli, akautazama ufunguo, akaenda kwa sanduku jingine bila kuambiwa. Halikufunguka. Lililofuata likafunguka, na lililofuata pia. Wasichana wenyewe walianza kuchomoa funguo zao na kujaribu masanduku ya wenzao, na milio ya pinde ikaanza kusikika huku na huku, chumba kizima, kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Inatosha," alisema Mwalimu Mkuu, na milio ikakoma.

"Ni sisi," alisema Mkaguzi. Sauti yake ilitoka ndogo. "Kiwanda kimebaki na meno ya aina nne tu. Kufuli moja kati ya manne litaukubali ufunguo wake. Na la mwenzake litaukubali wa mwingine. Nimeyakagua mwenyewe, yote haya, na nilikuwa sijui. Mtoto hana kosa."

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa karibu, jambo ambalo wanafunzi walikatazwa kulifanya. Mkono wake ulipapasa shuka.

"Mwaka juzi nilimfukuza msichana," alisema. Hakuwa akizungumza na yeyote. "Alilala kitanda cha pale dirishani. Aliniambia ufunguo uligeuka. Nikamwambia funguo hazigeuki tu."

Mkaguzi aliyasikia maneno yake mwenyewe katika kinywa cha mwingine. Matroni alianza kulia polepole, akageukia ukutani.

"Tulikuwa na mwizi tunayemtafuta," alisema Mwalimu Mkuu hatimaye, "na huenda yupo, na anaweza kuwa yeyote, na sitamjua kamwe." Aliinuka, akanyoosha shuka mahali alipokaa. "Binti yako arudi darasani. Nitamwomba radhi mbele ya shule. Lakini mzee, wakuu wenzangu lazima niwaambie."

"Najua, mwalimu."

"Wote."

"Najua."

Kitinda alimsindikiza hadi getini. Hakumshukuru, wala yeye hakutaka shukrani. Alimwuliza tu, "Sasa kazini watakufanyaje?" Mkaguzi akamwambia asome.

Haikuchukua muda. Barua za shule zilifika moja baada ya nyingine, na shehena iliyokuwa njiani ikarudishwa. Meneja aliwakusanya karakanani, akasimama juu ya kreti, akatangaza kwamba sehemu ya makufuli inafungwa. Watakaobaki ni wachache, wa kutengeneza bawaba na makomeo, vitu visivyohitaji ufunguo. Hakumtaja Mkaguzi, na kwa sababu hiyo wote walimtazama. Wengine walimpita bila neno. Mama mmoja wa idara ya kufungasha alimwuliza taratibu kama hata usiku analala, kisha akaondoka kabla hajajibiwa.

Getini alimkuta Fundi Meno amesimama na mfuko wake wa tupa begani. Jina lake halikuwa miongoni mwa waliobaki, wala la Mkaguzi. Walitembea pamoja kwa mazoea, maana njia ilikuwa moja, mpaka pale ambapo barabara hugawanyika.

"Ungeweza kusema ulichonga," alisema Fundi Meno.

"Ningeweza."

Fundi Meno alihamisha mfuko begani. Alitazama barabara ya kwake, kisha akamtazama rafiki yake.

"Angekuwa mtoto wangu, ningesema kama ulivyosema wewe," alisema. "Ila leo usije kunisalimia nyumbani kwangu. Kesho, labda."

Akaenda zake, na Mkaguzi akabaki kwenye njia panda mpaka mgongo ule ulipopotea kati ya watu.